Jinsi ya Kuwa Kidukari wa Mpopla na Kufanikiwa

Umeamua kuzaliwa upya ukiwa kidukari. Hongera. Ila usikubali kuwa kidukari wa kunde wala wa kabichi, ambaye kila mkulima anamfahamu na kumwandalia bomba la dawa. Nakushauri uwe kidukari wa mpopla, yule anayekisokota kikonyo cha jani hai mpaka kikawa chumba, akajifungia ndani, akazaa bila mume, akalindwa na binti zake mwenyewe, akafa akiwa ameacha ukoo wa mamia. Hakuna maisha ya mdudu ninayoyaheshimu kuliko hayo, na mwongozo huu nimeuandika nikitaka kwa dhati ufanikiwe. Soma polepole. Wengi watakaoanguliwa siku moja na wewe hawatafika mwezi wa Juni, na kila hatua iliyoandikwa humu ina wafu wake.

Tuanze na makaratasi, maana huwezi kwenda popote bila jina kamili. Oda yako ni Hemiptera, ambamo utawakuta nyenje, kunguni, inzi weupe na wadudu gamba, wote wakiwa na alama moja ya ukoo: mdomo uliogeuka sindano ya kufyonzea. Familia yako ni Aphididae. Familia ndogo ni Eriosomatinae, na ukikuta kitabu kimekuandika Pemphiginae usigombane na karani, ukoo ni ule ule. Jenasi ni Pemphigus, yenye spishi zaidi ya 60 zinazokaa Ulaya, Asia na Marekani Kaskazini, na karibu zote zinaanzia maisha yao kwenye mpopla.

Carl Linnaeus, alipotoa toleo la 10 la Systema Naturae mwaka 1758, aliwatia vidukari aliowajua wote katika jenasi moja tu, Aphis. Mmoja wao alikuwa Aphis bursaria, mkazi wa vinundu, yaani vyumba vya uvimbe, vya mpopla. Mwaka 1839 Theodor Hartig, Mjerumani aliyekuwa msomi wa misitu, aliwatenga hawa na wenzao akaanzisha jenasi ya Pemphigus. Spishi ninayokuchagulia, Pemphigus spyrothecae, ilipewa jina katikati ya karne ya 19 na Giovanni Passerini, profesa wa botania katika mji wa Parma, kaskazini mwa Italia, kwenye bonde la Mto Po ambako mipopla ni mingi kama ilivyokuwa enzi zake. Zingatia kazi za watu hao: mmoja wa misitu, mwingine wa mimea. Walikuona wewe kwa sababu walikuwa wanautazama mti.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka ulishike. Ukikutana na mtaalamu wa wadudu anayetaka kukutambua, usimwonyeshe mwili wako. Mwili wako utamchanganya. Katika mwaka mmoja ukoo wako unavaa miili mitano: mama mwasisi aliyenenepa asiye na mabawa, askari mdogo mwenye miguu minene, mama wa kizazi cha pili, jike lenye mabawa, kisha dume na jike wadogo wasio na mdomo kabisa. Ukiwapanga juu ya meza, mtu asiyejua ataapa kuwa ni wadudu wa koo tofauti. Jamaa zako wanaohamahama ndio wenye taabu zaidi, kwa kuwa wanakaa kwenye mpopla majira ya machipuko na kwenye mizizi ya mboga wakati wa kiangazi, na walioko mizizini hawafanani na walioko mtini. Watu walikuwa wanampa wa mtini jina lake na wa mizizini jina lake, mpaka mtafiti mvumilivu awahamishe kutoka mmea mmoja hadi mwingine na kuona kuwa ni mmoja. Huko Marekani, Asa Fitch alimpa mdudu wa mtini jina Pemphigus populivenae mwaka 1859, Rennie Doane akampa mdudu wa mizizi ya bitiruti za sukari jina Pemphigus betae mwaka 1900, na wataalamu wakabaki wakibishana kwa miaka mingi kama hao ni wawili au mmoja.

Kwa hiyo mwonyeshe nyumba yako. Nyumba haidanganyi. Kila spishi ya Pemphigus inaulazimisha mti kujenga kwa ramani yake, na mti uleule mmoja, mpopla mweusi, Populus nigra, unaweza kubeba nyumba za ndugu wanne au watano kwa wakati mmoja. Pemphigus bursarius hujenga kifuko kwenye kikonyo, chenye mdomo pembeni. Pemphigus populinigrae huvimbisha mshipa mkuu juu ya jani. Pemphigus phenax huukunja mshipa huo ukawa kinundu kirefu chembamba chenye rangi nyekundu. Wewe utakisokota kikonyo mara mbili au tatu, pete zikikaa zimebanana, na katikati kukawa na uwazi wa kukaa. Jihadhari na Pemphigus protospirae, ambaye husokota vilevile na amewahi kuwapoteza wajuzi. Tofauti ni kwamba yeye huota mabawa mapema na kuhamia mimea ya jamii ya karoti inayomea penye maji, nawe hubaki. Akikata msokoto mwezi wa Agosti na kukuta bado umejaa watu, mtaalamu atajua yuko kwako.

Hubaki, nimesema. Wenzako wengi katika jenasi hii wana nyumba mbili. Bursarius huenda kwenye mizizi ya saladi, phenax kwenye mizizi ya karoti. Wewe una mti mmoja tu wa kuzaliwa na wa kufia. Mimi naona ni uamuzi wa busara, kwa sababu safari ya kutafuta mmea wa pili ni bahati nasibu ambayo wengi wanaipoteza hewani.

Sasa mti wenyewe. Mpopla mweusi ni wa familia ya Salicaceae, ndugu wa mwilo, na makao yake ya asili ni Ulaya na magharibi na katikati ya Asia, hasa kando ya mito. Kikonyo chake ni bapa, ndiyo maana majani yake hayatulii hata upepo ukiwa mdogo. Tafuta hasa ule mpopla mwembamba uliosimama wima, unaoitwa wa Lombardia, uliopandwa kando ya barabara na mashamba kote Ulaya. Nakupendekezea huo kwa sababu moja inayonipendeza mno. Ule ni mti dume, na huzalishwa kwa kukata tawi na kulichomeka ardhini, hivyo miti iliyotapakaa katika nchi nyingi ni vipande vya mti mmoja wa Italia. Uingereza waliuingiza mwaka 1758, uleule wa kitabu cha Linnaeus, ukiletwa na mwanadiplomasia Lord Rochford kutoka Turin. Wewe nawe, kama utakavyoona, utajizalisha kwa kujinakili. Nakala itakaa juu ya nakala.

Utaanguliwa kutoka yai lililojificha kwenye ufa wa gome, majani yanapoanza kufunguka, kwa Uingereza yapata mwezi wa Aprili. Urefu wako utakuwa karibu milimita moja na utakuwa na njaa. Usitangulie kuanguliwa, maana utakufa ukisubiri jani. Usichelewe pia. Kikonyo kichanga tu ndicho kinachosikia amri, kikishakomaa utachoma mpaka uchoke na hakitavimba.

Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima. Katika jambo hili usiwasikilize. Mwanabiolojia Thomas Whitham alitumia miaka mingi kando ya Mto Weber, jimbo la Utah nchini Marekani, akimchunguza jamaa yako Pemphigus betae kwenye mpopla wenye majani membamba, Populus angustifolia. Alikuta kwamba mama mwasisi anayepata jani kubwa, tena akakaa chini kabisa penye mwanzo wa mshipa mkuu, huzaa watoto wengi kuliko anayesukumiwa kwenye ncha au kwenye jani dogo. Utomvu wote wa jani hupita pale chini, na aliyekaa mlangoni hula kwanza. Kwa sababu hiyo kina mama hao wanapigania nafasi. Katika taarifa yake ya mwaka 1979 alieleza jinsi wanavyogeuziana migongo, wakasukumana na kupigana mateke, ugomvi ambao unaweza kuchukua siku mbili, na mara nyingine mmoja hufia papo hapo. Aliye mkubwa ndiye anayepata chini. Aliyeshindwa hukubali ncha, au huhama, na anayehama kwa kuchelewa hukuta majani yamekomaa. Naomba uwe mkubwa.

Whitham aliona pia kwamba mipopla haifanani. Mti mmoja unawafukuza vidukari karibu wote na jirani yake, wa spishi ileile, umejaa. Pale ambapo spishi mbili za mipopla zilikutana na kuchanganya damu, machotara ndio waliobeba vidukari wengi kupita kiasi. Ukiona mti umejaa vinundu vya mwaka jana, panda huo. Bibi zako walishaupima.

Ukishapata kikonyo, anza kuchoma. Rudia pale pale, siku hadi siku. Sindano yako ni nyuzi nne nyembamba zilizoshikana, na kati yake zinaacha mifereji miwili, mmoja wa kuteremsha mate na mwingine wa kupandisha chakula. Mate hayo ndiyo yanayobadilisha ukuaji wa tishu: upande mmoja wa kikonyo hunenepa, mwingine hubaki nyuma, na kikonyo hulazimika kujisokota. Utajikuta umezungukwa. Siku ile pete zitakapofungana utakuwa gizani, peke yako, na hutatoka tena. Usihuzunike, umepata chumba chenye kuta zinazoliwa, chenye unyevu wa kutosha, ambacho mvua na jua haviingii.

Kuhusu kula, nataka uelewe vizuri kazi ya mdomo wako, kwa sababu watu wengi wanadhani vidukari wanavuta utomvu kwa nguvu zao. Ulenge mshipa wa floemu, unaoteremsha sukari iliyotengenezwa majanini. Ndani yake utomvu umebanwa kwa msukumo mkubwa, nawe ukishafika utajisukuma wenyewe kuja kwako. J. S. Kennedy na T. E. Mittler walilitumia jambo hilo mwaka 1953, huko Cambridge. Walimwacha kidukari wa mwilo achome mpaka afike, kisha wakamkata mdomo. Kidukari aliondoka, sindano ikabaki mtini, na utomvu ukaendelea kuchuruzika kupitia kisiki chake. Mpaka leo wanafiziolojia wa mimea wanatumia njia hiyo kupata utomvu safi wa floemu, kwa kuwa hakuna chombo cha binadamu kinachoufikia mshipa ule kwa upole wa kidukari.

Chakula hicho, hata hivyo, kina kasoro. Kina sukari tele na asidi amino chache, hasa zile ambazo mwili wa mnyama hauwezi kujitengenezea. Ungekula peke yako ungenona sukari na kufa kwa ukosefu wa protini. Ndiyo maana mama yako alikupa, ndani ya yai, mgeni anayeitwa Buchnera aphidicola. Hawa ni bakteria wanaokaa ndani ya seli maalumu tumboni mwako, na kazi yao ni kutengeneza zile asidi amino zinazokosekana. Walipewa jina mwaka 1991 kwa heshima ya Paul Buchner, Mjerumani aliyetumia maisha yake kuchunguza wadudu na wageni wao wa ndani. Ushirika huu una zaidi ya miaka milioni 100. Wamekaa ndani yenu muda mrefu mpaka wamepoteza jeni nyingi, hawawezi tena kuishi nje, nanyi hamwezi kuishi bila wao. Watunze, hutapata wengine.

Utakapokuwa umekomaa, zaa. Usisubiri dume, hayupo. Wazungu walilijua jambo hili kwa mshangao mwaka 1740, pale Charles Bonnet wa Geneva, kijana wa miaka 20, alipomfungia kidukari mmoja tangu siku aliyozaliwa, asikutane na mwenzake yeyote, na kumtazama kutwa kucha. Katika siku 21 yule mfungwa alizaa watoto 95. Bonnet alikuwa na kidukari wa spishi nyingine, lakini mwenendo ni wenu nyote. Binti zako watakuwa nakala zako, nao watazaliwa wakiwa tayari wana mimba changa ndani yao. Kwa hiyo ndani ya tumbo lako hukaa binti na wajukuu kwa pamoja.

Hapa tunafika kwenye jambo lililonifanya niandike mwongozo huu. Binti zako wa kwanza watazaliwa askari.

Kabla ya mwaka 1977 hakuna aliyedhani kidukari anaweza kuwa na jeshi. Jeshi lilijulikana kwa mchwa, na siafu, na nyuki wenye kulinda mzinga. Mwaka ule Shigeyuki Aoki, Mjapani, alitangaza kuwa amekuta kwenye spishi ya Colophina clematis watoto wachanga wanaoshambulia maadui. Mwaka 1986 yeye na Utako Kurosu walionyesha kuwa wewe nawe, Pemphigus spyrothecae wa Ulaya, una askari. Utawajua kwa miguu minene. Wanabaki katika umri wa utoto kwa muda mrefu, na utoto wao ndio zamu yao ya ulinzi.

Adui watakuja, usijidanganye. Buu la nzi wa maua litapenya kwenye mwanya wa msokoto. Atakuja kiluwiluwi wa mbawakawa mwenye madoadoa. Atakuja Anthocoris minki, jamaa wa mbali wa kunguni, mwenye mdomo mrefu na tumbo lisilojaa. Wote ni wakubwa mara nyingi kuliko askari wako. Askari humrukia adui, humng'ang'ania kwa miguu yote na kumchoma kwa sindano ileile waliyozaliwa nayo kwa ajili ya utomvu. Mmoja hafui dafu, lakini wanakuja wengi. William Foster wa Cambridge alilipima jambo hili, akatoa matokeo mwaka 1990: askari wanaua kweli, nyumba yenye askari inaokoka, na askari wenyewe wanakufa kwa wingi katika kazi hiyo. Kuna wanaoanguka nje ya kinundu wakiwa bado wamemshika adui, na kutoka chini ya mpopla hadi kwenye kikonyo kile hakuna njia ya kurudi kwa mtoto wa milimita moja.

Usidhani wamelazimishwa. Mwanabiolojia W. D. Hamilton alikwisha kuonyesha mwaka 1964 kwamba kiumbe anaweza kujitoa kwa ajili ya ndugu ikiwa ndugu huyo amebeba jeni zilezile. Katika nyumba yako kila mmoja amebeba zako zote. Anayekufa na anayeokoka ni wewe.

Walinzi hao ndio wafagiaji, na hapa nakuomba utulie, maana ni kazi ambayo wengi wanaipuuza na ndiyo inayowaweka hai. Fikiria chumba kilichofungwa chenye wakazi mamia, kila mmoja akinywa utomvu kutwa na kutoa nje sukari iliyozidi ikiwa majimaji mazito ya kunata. Hakuna choo. Ongeza magamba wanayojivua na maiti. Bila usafi, wakazi wangenaswa na kuzama katika utamu wao wenyewe. Mwaka 1992 Tim Benton na Foster walieleza kuwa askari huvisukuma vitu hivyo vyote hadi kwenye mwanya na kuvitupa nje, kwamba wakizuiwa nyumba nzima huumia, na kwamba anayefagia mlangoni anahatarisha maisha yake kwa kuanguka. Mwaka 2002 Foster, pamoja na Nathan Pike, Denis Richard na L. Mahadevan, walitatua swali lililobaki: kitoto kile kinawezaje kubeba tone linalonata bila kunaswa? Jibu ni nta. Vidukari wako hutoa ungaunga wa nta, unaozifunika kuta za chumba na kulivika kila tone la majimaji, na tone hilo hubaki duara, likabingirika kama donge la chapati lililopakwa unga lisishike kibao. Askari huliviringisha kwa kichwa mpaka mlangoni. Nta ileile ndiyo inayowafanya nyote muonekane mmevaa vumbi jeupe.

Usimruhusu mgeni akae bure. Patrick Abbot, Jay Withgott na Nancy Moran, waliochunguza Pemphigus obesinymphae kwenye mipopla ya Arizona na kuchapisha mwaka 2001, walikuta vinundu vina wavamizi kutoka nyumba nyingine. Wavamizi hao hawapigani, na wanaharakisha kukua ili wazae mapema, mradi chakula ni cha mwingine. Walipokuwa nyumbani kwao walikuwa askari kama wengine. Sheria ninayoitoa kwako ni fupi: mwanya wa msokoto ukae umebana kwa muda wote mti utakaokubali.

Mwishoni mwa kiangazi mti utaacha kukubali. Pete zitaanza kuachana, majani yataelekea manjano. Wakati huo askari waliookoka watakuwa wamejivua gamba, wamekuwa mama, na watoto wao, walio na miguu ya kawaida, wataota mabawa. Waache waende. Kazi yao ni kuruka mpaka kwenye gome la mpopla na kuzaa kitu ambacho ukoo wako haujakiona mwaka mzima: madume na majike ya kweli. Hao ni wadogo mno, hawana mdomo, hawatakula hata mara moja maishani. Watajamiiana, na kila jike litataga yai moja. Moja tu. Kutoka mamia waliojaa kwenye kinundu, kila jike linaweka yai lake ndani ya ufa, linakufa karibu nalo, na baridi inaingia. Wewe utakuwa umekwisha kufa zamani, na jani lenye nyumba yako litaanguka pamoja na mengine.

Nikugeukie sasa wewe uliyebaki binadamu, mwenye mpopla uani na bomba la dawa mkononi. Liweke chini. Mtu anayelima saladi ana haki ya kumchukia Pemphigus bursarius, kwa kuwa anaponyonya mizizi mmea hunyauka na kufa wakati wa jua kali, na ndiyo sababu Waingereza walizalisha aina za saladi zinazomstahimili, kama Avoncrisp na Avondefiance. Mwenye shamba la mipopla ya mbao huko Italia, Ufaransa au Hispania ana haki ya kumhofia Phloeomyzus passerinii, kidukari wa sufi anayefunika mashina na kuweza kuua mti. Huyu wa msokoto hana kosa hilo. Anachukua kikonyo, jani linaendelea kuwa kijani, na mpopla mkubwa wenye vinundu mamia unasimama kama kawaida. Kupulizia dawa kungewaua nzi wa maua na mbawakawa bila kumgusa yeye aliyejifungia ndani.

Chukua wembe na kioo cha kukuzia mwezi wa Julai, kata msokoto mmoja kwa urefu, uone vumbi la nta, matone duara, mama mnene katikati na watoto wenye miguu minene wakikimbilia kwenye kidole chako. Watajaribu kukuchoma. Mfano huu unafundisha biolojia kuliko michoro mingi iliyomo vitabuni, na unapatikana bure chini ya mti wa barabarani.

Nawe msomaji wa Kenya, usidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Nchi yako ina mpopla wake wa asili, Populus ilicifolia, unaomea kandokando ya Mto Tana, Mto Athi na Ewaso Ng'iro, karibu kabisa na ikweta, mbali na mipopla mingine yote ya jenasi hiyo, na unazidi kupungua kwa kukatwa. Ukiwa Garissa au Hola, shuka mtoni, yageuze majani yake, kagua kila kikonyo. Ukiona kilichovimba, kipige picha, kikate pamoja na jani lake, na ukipeleke kwa watu wa wadudu katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.